Hodi ya Tatu Mlangoni

Vijana wangu wa kituoni, mmenisumbua mpaka nimekubali. Zainabu ndiye aliyenibana zaidi: "Mama Mhina, usiondoke na mambo yote kichwani, sisi tutamuuliza nani?" Haya, nimekaa barazani kwangu Mkumbara, miguu juu ya kigoda, naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za kazi yenyewe, yaani kuwapeleka watu kuyaona maporomoko wakati wa masika na kuwarudisha wote.

Mnisikie vizuri hapo kwenye kuwarudisha. Kumpeleka mtu mlimani anaweza yeyote mwenye miguu. Mimi najivunia kurudisha, na najivunia waziwazi, sitaki kujifanya mnyenyekevu leo.

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Kwetu, maji yalikuwa safari. Mama yangu, Bi Mwanaidi, aliamka alfajiri na ndoo kwenda bwawani, akarudi jua limeshakuwa kali, na maji yenyewe yana rangi ya udongo. Mtoto aliyemwaga maji ovyo nyumbani kwetu alikuwa anatafuta kofi. Basi nilipopata kazi hifadhini, kule juu kupita Bungu, nilimweleza mama kwamba nitakuwa nawaonyesha watu maji yanayoanguka kutoka mwambani.

Akauliza, "Yakianguka, nani anayakinga?"

"Hakuna anayekinga, mama."

"Na usiku?"

"Usiku pia yanaanguka."

Akaguna, akaendelea kuchambua mchicha. Aliniona muongo, ila hakutaka kunitibulia safari.

Nililala Korogwe, asubuhi nikapanda mlima nyuma ya pikapu iliyokuwa inarudisha magunia matupu ya chai Dindira, nimevaa kandambili. Msicheke. Huku bondeni kandambili ni kiatu. Baridi ya kule juu haipigi hodi, inaingia tu, na nilipofika kituoni meno yalikuwa yanagongana. Alinipokea Mzee Kilua, Msambaa wa Bungu, mtu mfupi mwenye koti la mvua lililopauka mpaka rangi yake ya kwanza haijulikani. Alitazama miguu yangu, akaingia stoo, akatoka na buti za mpira zilizonizidi. Akanipa na magazeti ya zamani ya kujaza mbele. Tukaondoka hapohapo, hata chai sijanywa.

Mlangoni mnapajua, lakini naandika pia kwa watakaokuja baada yenu. Njia ya kwenda kwenye maporomoko makubwa inakata mto mahali pamoja tu, na hapo ndipo sisi wa kituoni tunapopaita Mlangoni. Kiangazi unaruka mawe, viatu havilowi. Masika maji yanapita juu ya mawe yaleyale, na ndio wakati ambao kila mtu anataka kwenda, maana kiangazi maporomoko yenyewe ni kama bomba ambalo mtu amesahau kulifunga. Sasa, ukiwa ng'ambo ya chini, kuna jiwe kubwa linakuzuia kuona mto unakotoka. Ukiwa ng'ambo ya juu, unauona wote mpaka kwenye kona. Kwa hiyo kiongozi mmoja hutangulia kuvuka na kukaa juu, anaona. Wageni hubaki chini na kiongozi wa pili, hawaoni.

Mzee Kilua alinisimamisha ng'ambo ya chini, akaniuliza, "Handeni mnapiga hodi?"

Nikacheka. "Mzee, kuna watu wasiopiga hodi?"

"Basi piga."

Nikatazama huku na huku. Hakuna nyumba, hakuna mlango, ni mto na ukungu tu. "Nimpigie nani?"

"Wewe piga."

Nikajua tayari, nimeingizwa kwenye mambo ya mizimu siku ya kwanza tu ya kazi. Nikamwambia kwa adabu zote, "Mzee wangu, unisamehe. Mimi ni Muislamu, sipigi hodi kwa mizimu ya mto."

Alicheka mpaka akakohoa. "Na mimi ni Muislamu, na nimeswali alfajiri wewe bado unakoroma Korogwe. Mto hauna masikio, binti. Hodi unanipigia mimi."

Akashika fimbo yake ndefu, akavuka, akasimama juu akitazama konani. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Kimya. Ya tatu, kimya, na mvua imeanza kuniingia shingoni. Nikashikwa na hasira, nikapiga ya nne kwa sauti ya kugombana. Mzee Kilua akavuka kurudi, polepole, akanisimamia usoni.

"Kwenu, ukipiga hodi mara tatu watu kimya, unafanyaje?"

"Naondoka."

"Sasa hiyo ya nne ulikuwa unampigia nani?"

Ndipo akanifundisha kazi. Mgeni anapiga hodi. Kiongozi aliye juu akijibu "karibu", mgeni mmoja anavuka, mmoja tu, halafu wa pili naye anapiga yake. Asipojibu, havuki mtu. Zikifika tatu bila jibu, mnageuka kurudi kituoni kunywa chai, hata kama mgeni ametoka Ulaya. Na neno "karibu" halitamkwi kwa kitu kingine chochote pale Mlangoni. Si kwenye kukaribishana chakula, si kwenye kuagana.

Nilimuuliza kwa nini asipige kelele tu kwamba msije. Akaniambia nirudi chini, yeye akavuka tena, akapaza sauti. Nikasikia "mje!" Akarudia, nikasikia "mje!" tena, nikaanza kuvuka. Alikuwa anasema "msije". Hako ka "si" katikati kanamezwa na maji, na "msivuke" ni hivyohivyo. Na mikono je? Mnyooshee mtu mkono umzuie, yeye anadhani unampungia, naye anakupungia huku anakuja. Kimya ndicho kitu pekee ambacho mto hauwezi kukipotosha, na kila mtu wa nchi hii amefundishwa tangu utotoni maana yake anapokutana nacho mlangoni.

Baada ya hapo ikawa ni kujifunza kuyasoma maji. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, subiri. Ukisikia mawe yanagongana chini, subiri mbali zaidi. Majani makavu yakipita, hilo ni la kila siku. Majani mabichi yakipita, kuna kitu kimeng'olewa huko juu, na kinakuja. Kule kileleni mvua inaweza kuwa inamwagika wakati ninyi hapo Mlangoni mnaota jua. Ninyi mnaweza kumtazama mtu wa hali ya hewa kwenye simu, na mtazameni, ila itazameni na kona.

Wageni wa masika nimewaona wa kila aina. Wapo wanaokuja na viatu vyeupe. Wapo maharusi wanaotaka kupigwa picha wameshikana mikono juu ya jiwe linaloteleza, nami nawaambia ndoa ina utelezi wa kutosha, shukeni. Hatari kubwa pale maporomokoni ni mpiga picha, kwa sababu anarudi nyuma. Anasema "hapohapo, tabasamu," huku anarudi kinyumenyume na nyuma yake hakuna kitu. Kwa hiyo nikaweka sheria kwamba anayepiga picha anakaa chini, matako yaguse jiwe. Wengi walininunia, na wote walirudi wameninunia wakiwa wazima.

Sasa nifike kwenye siku ninayotaka muijue.

Nilikuwa nimeshaizoea kazi, Mzee Kilua ameanza kuwa na mvi hata kwenye nyusi. Kikundi cha akina mama wa Handeni kikaamua kuja kuyaona maporomoko, masika katikati, na mama yangu akiwamo. Hakuja kutembea, alikuja kuhakikisha. Akashuka kwenye gari na dumu tupu mkononi. Nikamwambia, "Mama, dumu la nini?" Akanitazama kwa mshangao. "Mwanangu, mtu anaendaje kwenye maji mikono mitupu?" Basi akapanda nalo mlima wote, na kila nilipotaka kumpokea alilivuta.

Mlangoni nilitangulia kuvuka. Mzee Kilua akabaki chini na akina mama. Mama akapiga hodi yake, sauti imejaa raha, nikajibu "karibu", akavuka akishika kamba tuliyoivusha mto, dumu kichwani, kanga imefungwa kiunoni. Nikamkalisha kwenye gogo nyuma yangu. Nilimwona ameridhika, maana yeye wa kwanza.

Aliyefuata alikuwa Bi Tatu, rafiki yake tangu usichana. Kabla hajapiga hodi, mama mmoja mnene buti ilimnasa kwenye matope, Mzee Kilua akarudi nyuma hatua chache kumnasua. Bi Tatu akabaki peke yake ukingoni. Akapiga hodi.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu. Pale konani nikaona tawi, bichi, majani yake bado yanang'aa, na nyuma yake lingine. Nikafunga mdomo. Maji mbele ya Bi Tatu yalikuwa shwari kabisa, yeye haoni chochote. Akapiga ya pili, nikanyamaza. Akapiga ya tatu, nikanyamaza, na moyoni nasema alhamdulillahi, sasa atageuka.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya furaha, "Karibuuu! Karibu Tatu, pita!"

Mama yangu huyo. Amenyanyuka kwenye gogo, ananitazama kwa hasira. "We Mwanahamisi! Watu wanapiga hodi mpaka mara tatu umenyamaza tu? Hivyo ndivyo nilivyokulea?"

Mtu wa kwetu hawezi kusikia hodi akaiacha hewani. Anaweza kuwa mgonjwa, anaweza kuwa jikoni na moshi, atajibu. Mzee Kilua alinifundisha kuhusu mto na hakuwahi kufikiria habari ya mama Mzigua aliyelelewa vizuri.

Bi Tatu akainua kanga, akaingia majini. Nikapiga kelele nikasahau mafunzo yote, nikanyoosha mikono miwili, na yeye akanipungia! Akakanyaga jiwe la kwanza, akatafuta la pili. Sijawahi kuogopa vile, si kabla, si baada.

Aliyemwokoa ni Mzee Kilua, na alichomwokolea ni masikio. Baadaye aliniambia, "Nilisikia karibu, nikasema hiyo si sauti ya Mhina." Alimwacha yule mama na buti yake, akakimbia pamoja na umri wake wote, akamkumbatia Bi Tatu kiunoni kutoka nyuma, wakaanguka wote wawili kinyumenyume kwenye matope. Na mto ukafika. Ulikuja mwekundu, na shina zima la mti na mizizi yake, ukapita juu ya lile jiwe la kwanza, ukaichukua kamba yetu na mti mdogo tulioifungia. Kelele ilikuwa kubwa mpaka sikujisikia nikilia.

Mama alikaa chini palepale kwenye majani. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo, "Kumbe ningemuua Tatu."

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Hukujua, mama. Hatukukwambia." Na kweli hatukumwambia. Sheria yetu ilikuwa inamwambia kila mtu apige hodi, haikumwambia mtu asiijibu.

Kurudi hatukuweza mpaka mto ulipopungua, mchana umeshapinduka. Kwa kuwa mimi na mama tulikuwa upande wa juu, nikampeleka kwenye maporomoko. Nilitaka atulie, na nilitaka aone. Alisimama mbele ya ule mwamba, manyunyu yanamlowesha uso, maji yananguruma yanashuka meupe kutoka juu kabisa. Hakusema "loo" wala "jamani". Alisimama akitikisa kichwa, kisha akasema, "Na kweli hakuna anayekinga." Akaenda pembeni palipo salama, nilipomwonyesha, akakinga yeye dumu lake mpaka likajaa, akalifunga, akalipiga makofi mawili kama mtu anayempongeza ng'ombe.

Tuliporudi kwa wenzetu, Bi Tatu yuko kwenye kipande cha gogo, matope mpaka kwenye ushungi, anagomba. "Mzee wa watu amenikumbatia hadharani, mbele ya kikundi kizima, mimi mke wa mtu!" Mzee Kilua amejificha nyuma ya mti anapangusa koti. Mama akaweka dumu chini, akawaambia wote, "Nyamazeni. Mnamwona mwanangu huyu? Kazi yake ni kunyamaza. Na si kazi rahisi, mimi nimejaribu nimeshindwa."

Hakuna bosi aliyewahi kunisifia hivyo. Dumu lile lilifika Handeni, likaonjwa mtaa mzima kwa kikombe kidogo, na kila aliyeonja alisimuliwa habari ya Bi Tatu kukumbatiwa.

Kuanzia siku hiyo ndipo tukaongeza maneno mnayoyasema mpaka leo bila kujua yametoka wapi: "Ukishavuka, hodi si yako." Mnamwambia kila mgeni kabla hajakanyaga jiwe, na akivuka mnampeleka nyuma ya mwamba akae huko. Sasa mnajua yametoka kwa Bi Mwanaidi.

Najua wengine wenu mnataka filimbi. Tulishaijaribu, watoto wa shule wakaja kila mmoja na yake. Redio za mkononi nazo zilikuja, zikaingia unyevu, zikawa zinakoroma. Daraja la magogo lilijengwa, mto ukalichukua, likajengwa zuri zaidi, ukalichukua hilo zuri pia. Mkipata la chuma nitafurahi kwa moyo wangu wote. Mpaka hapo, pigeni hodi.

Mzee Kilua alistaafu, na sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Nikabaki mimi ndiye wa ng'ambo ya juu. Halafu akaja Zainabu, binti wa Dindira, na niseme ukweli mbele yenu, nilisema huyu hawezi. Mtoto anaongea mpaka akipiga mswaki. Nilimfundisha matawi, rangi, mawe, akashika yote haraka. Lakini kunyamaza! Mgeni akipiga hodi ya pili tu ninamwona midomo inamchezacheza. Nilistaafu nikiwa na shaka hiyo moja, na niliibeba mpaka nyumbani.

Masika haya yaliyopita mama akaniita chumbani. Ni mzee sana sasa, anaishi nami hapa Mkumbara, mlima hauwezi hata kwa macho. Akasema, "Mwanahamisi, natamani yale maji yako. Nikinge tena kidogo." Kwangu bomba lipo, lakini nilimwelewa. Nikachukua dumu lilelile, mfuniko umeshabadilishwa, nikapanda.

Nilipanda kama mgeni. Nilipofika Mlangoni, ng'ambo ya juu amesimama Zainabu, uso kwenye kona. Jua linawaka. Maji mepesi, safi, mawe yanaonekana. Mimi mwenyewe nikasema, hapa hata mbuzi anavuka. Nikapiga hodi.

Kimya.

Nikainua dumu juu alione, ajue nina shida ya kweli. Nikapiga ya pili. Alinitazama. Najua aliliona dumu, na anajua ni la nani, maana hadithi ile nilimsimulia mara nyingi mpaka akachoka. Nikapiga ya tatu, ndefu, ya mtu mzima anayeomba. Mdomo wake haukucheza hata kidogo. Akageuza uso, akarudi kuitazama kona.

Mgeni mmoja kutoka Tanga aliyekuwa nyuma yangu akaniambia, "Mama, si umesema ulikuwa mkubwa wao? Sisi tuvuke tu, maji haya ni ya kuchezea." Na mimi, niwaambie, miguu ilinisukuma. Nikafikiria mama yuko kitandani anasubiri. Nikamwambia yule bwana, "Imeshakuwa ya tatu." Nikageuka, na yeye akageuka.

Tulisubiri kituoni kwa chai, halafu nikashuka na dumu tupu. Njia nzima mpaka Mkumbara nilikuwa nacheka peke yangu, machozi yananitoka. Mtoto amenifungia mlango! Mimi!

Mama nilimwambia nimekosa. Alinuna kidogo, akalala.

Siku iliyofuata asubuhi nikiwa sebuleni nikasikia pikipiki inazimwa nje, na hatua. "Hodi!" Nikaitambua sauti ya Zainabu. Nikasema moyoni, subiri, leo na wewe uonje. Nikanyamaza. "Hodi jamani!" Nikaziba mdomo kwa kanga nisicheke. "Hodi humu ndani!" Ya tatu hiyo, na nikasikia hatua zinageuka kuondoka, kwa sababu nimemfundisha vizuri.

Kutoka chumbani, sauti ya bibi wa watu ambaye jana hakuweza hata kunyanyua kikombe: "Karibuuu! Karibu mwanangu, pita! Kwani nyumba hii haina watu? Mwanahamisi, hivyo ndivyo nilivyokulea?"

Zainabu akaingia, buti zina matope mabichi, bega moja limeinama kwa uzito wa dumu jipya la njano, limejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jana kulikuwa na nini?"

"Jani la mgomba, bichi. Moja tu, mama."

"Na mto ukaja?"

Akatazama chini. "Haukuja."

Nikampokea dumu, nikalipeleka kwa mama.